Mgeni wako anashuka Mombasa: karatasi za kuingia, mhuri, na vile ataonyesha yuko kihalali

Hapa Mombasa wageni hawaishi. Akitoka shangazi wa Muscat anaingia binamu wa Leicester na watoto wake, au mzungu kabuki fleti yako ya Nyali mwezi mzima, na kila msimu naulizwa maswali yale yale, yuahitaji viza, akae miezi mingapi, akisimamishwa njiani aonyeshe nini. Nimeyaweka yote hapa, na wewe ukiulizwa tuma tu.

Jambo la kushika kabla ya yote: ile eTA, ruhusa ya kusafiri anayolipia kwa intaneti, yamfikisha mlangoni, basi. Kinachomkalisha nchini ni mhuri anaogongewa kwenye paspoti. Ni vitu viwili mbali mbali, vina tarehe mbili mbali mbali, na taabu nyingi ninazoziona zatokana na mtu kuvichanganya.

Kwanza, jua yuko kundi gani

Viza zetu za zamani ziliondolewa Januari 2024 ikaletwa hii eTA, yaani ruhusa ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla mtu hajapanda ndege. Mwanzoni hata Waafrika wenzetu wengi walitakiwa kuilipia, makelele yakawa mengi, ndipo Julai 2025 mambo yakalegezwa. Kwa hivyo ule ujumbe wa WhatsApp wa 2024 unaozunguka mpaka leo uache, umepitwa.

Sasa iko hivi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi eTA na aweza kukaa mpaka miezi sita. Raia wa nchi nyingine za Afrika pia haombi lakini yeye ni mpaka miezi miwili, sio mitatu, hapo wengi wanateleza. Waliobaki nje ya huo msamaha Afrika ni Libya na Somalia, na Somalia hata kama iliingia Jumuiya 2024 bado raia wake anatakiwa aombe, usimdanganye jamaa yako akafika kaunta ya ndege akarudishwa. Mwenye kibali cha kazi cha Kenya ambacho hakijaisha, au ukaazi wa kudumu, naye haombi, ila akishike hicho kibali mkononi asikiweke kwenye begi la chini la ndege.

Wengi waliobaki, Ulaya, Marekani, India, nchi za Ghuba, Yemen, hao ni eTA na kila mtu ya kwake. Kila mtu ni pamoja na kitoto kinachonyonya. Hakuna cha kuandikwa kwa ya mama.

Hapa nikae kidogo manake ndio nyumba zetu nyingi zilivyo. Mtu anaongea Kiswahili kutushinda, aijua Kibokoni nyumba kwa nyumba, lakini paspoti yake ni ya Oman. Basi pale kaunta yeye ni mgeni kama mtalii yeyote na eTA analipa. Hawaangalii ukoo, wanaangalia paspoti aliyoitoa mfukoni. Upande wa pili kuna vijana wetu waliochukua uraia wa Uingereza au Marekani, hao Katiba ya 2010 iliwaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, na akiwa na paspoti ya Kenya inayofanya kazi aingie nayo hiyo, hana eTA wala hesabu ya siku. Na watoto wao waliozaliwa huko ni Wakenya kwa kuzaliwa kwa sababu mzazi mmoja ni Mkenya, hiyo iko kwenye kifungu cha 14, lakini kuwa na haki ni jambo moja na kuwa na karatasi ni jambo jingine, kama mtoto hana paspoti ya Kenya na anasafiri na ile nyekundu au ya buluu basi muombee eTA kama mgeni, hayo ya uraia mtayafuata mkishatulia.

Pili, kuomba yenyewe

Websaiti ya serikali ni etakenya.go.ke. Angalia mwisho wa jina, go.ke, sio com wala org. Ukiandika kwenye Google zitakuja nyingi zilizopambwa bendera na simba, zile ni za maajenti, watakutoza mara mbili au tatu halafu waende wakajaze fomu ile ile ambayo ungejaza mwenyewe. Ada ya msingi ni dola 30 na makato kidogo ya malipo, ukitaka ya haraka unaongeza. Mtu akikuambia dola 90 kwa ya kawaida ujue uko kwa duka la mtu.

Awe na vitu hivi karibu kabla hajaanza maana fomu inachosha kuanza upya: paspoti iliyobakisha angalau miezi sita kuanzia siku ya kufika na ukurasa mtupu wa kugongewa, picha ya ule ukurasa wenye sura, selfi iliyo wazi (bila miwani ya jua, jamani, watu wanatuma picha za ufuoni), tiketi za kuja na kurudi, na anapolala. Kama ni hoteli ni buking. Kama analala kwako mwandikie barua ya mwaliko, nusu ukurasa yatosha: jina lako, namba ya kitambulisho, mtaa na jumba, simu, yeye ni nani kwako, atakaa tarehe gani mpaka gani, sahihi yako, na kopi ya kitambulisho chako. Usiandike "Mombasa" peke yake. Andika Bamburi, jina la fleti, jirani na nini.

Jina lifuate paspoti herufi kwa herufi. Wale wa Abdulrahman na Abdul Rahman mnanielewa.

Aombe mapema lakini sio mapema sana, miezi mitatu kabla ya safari ndio mwisho wa nyuma, na siku tatu za kazi ndio kiasi cha kuachia jibu. Siku tatu za kazi, ukiomba Ijumaa jioni Jumamosi na Jumapili hazimo. Jibu laja kwa imeili, akague na kule kwenye takataka (spam). Akipata aprinti, na aweke pia kwenye simu bila kutegemea intaneti, manake wa kwanza kuiuliza sio ofisa wa Kenya, ni yule dada wa kaunta ya ndege kule anakotoka, bila hiyo karatasi hampandishi.

Chanjo na begi, kwa haraka

Cheti cha homa ya manjano chaulizwa kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Anayetoka London moja kwa moja haulizwi, anayetoka Kampala au Lagos aulizwa. Chanjo inahesabika baada ya siku 10 kwa hivyo sio jambo la kufanya usiku wa kuamkia safari, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kama ile kadi ya zamani ya manjano imeandikwa miaka kumi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, ile ya duty free aiache kwa ndege. Droni asibebe bila ruhusa ya mamlaka ya anga, itabaki pale. Pesa taslimu kuanzia thamani ya dola 10,000 zatangazwa forodhani, sio kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza.

Tatu, kaunta na mhuri

Jua kwanza mhuri atagongewa wapi. Anayekuja na Ethiopian kupitia Addis anashukia hapa uwanja wa ndege wa Moi na mambo yake yote yanaishia hapa. Anayepitia Nairobi anagongewa Nairobi, kule ndiko alikoingilia Kenya, halafu ndege ya kuja Mombasa ni ya ndani kama basi tu. Kwa hivyo asibuki ndege mbili zilizobanana, foleni ya uhamiaji Nairobi asubuhi ndege tano zikishuka pamoja si ya kuchezea. Kama anakuja na SGR, ile treni ya Nairobi na Mombasa, ndio kabisa ampe masaa, kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni ya Syokimau ni karibu kwa ramani tu.

Pale kaunta ataombwa paspoti, eTA, atawekeshwa vidole, atapigwa picha, na maswali mafupi. Unakuja kufanya nini, unakaa wapi, unarudi lini. Majibu yafanane na fomu. Aliyeandika utalii akasema "nakuja kusaidia shule ya rafiki yangu" kajiongezea kazi, ntaeleza mbele. Eti eTA imekubaliwa kwa hivyo lazima aingizwe, hapana, neno la mwisho ni la ofisa aliyeko pale.

Sasa mhuri. Ofisa anagonga, anarudisha paspoti, mgeni anaitia mfukoni anakimbilia mabegi. Asifanye hivyo. Asimame hatua mbili pembeni afungue ukurasa aangalie tarehe ya kuingia iko sawa, na siku alizopewa ni ngapi. Mara nyingine hiyo namba imeandikwa kwa biro ndani ya mhuri, na wino ukiwa mbichi ukurasa ukifungwa unapakaza upande wa pili, 30 na 90 zafanana vibaya sana zikipakazwa. Kama haisomeki arudi pale pale kaunta aombe iandikwe vizuri, kwa adabu, "samahani afisa, hapa hapasomeki". Dakika moja. Ukishatoka nje ya mlango ukaja kuligundua Mtwapa wiki ya pili, hiyo sasa ni safari ya ofisini.

Na hapa ndipo ule mchanganyiko nilioutaja. eTA imeandikwa siku 90, hizo ni siku 90 za kuitumia kusafiri, tangu ilipotolewa. Siku za kukaa zinahesabiwa tangu alipoingia, na ni zile alizopewa pale kwenye mhuri. Mtu aliomba Novemba mwisho, kaingia Januari, mtalii wa kawaida aweza kupewa mpaka miezi mitatu tangu hiyo Januari, lakini akipewa 30 ni 30, asiniambie "lakini karatasi yangu inasema tisini". Halafu hesabu kwa siku sio kwa miezi. Aliyeingia tarehe 10 Disemba kwa siku 90 asidhani ni mpaka 10 Machi, siku ya kuingia ikihesabiwa ndio ya kwanza yaishia tarehe 9, na huo mwaka usipokuwa mrefu Februari ina 28. Weka alamu ya simu wiki mbili kabla. Weka na kwa simu yako wewe mwenyeji, wageni wakishaonja bahari wanasahau.

Nne, kutembea mjini na ushahidi

Paspoti yenyewe ilale kwenye sefu, atembee na kopi za kurasa mbili: wenye sura na wenye mhuri. Watu wanapiga kopi ule wa sura peke yake, huo waonyesha yeye ni nani, hauonyeshi yuko Kenya kihalali. Mbili. Na picha zake kwenye simu, na nyingine kwenye simu yako.

Kuna mahali kopi haifai. Kusajili laini ya simu yataka paspoti yenyewe, na bila laini hana M-Pesa, na bila M-Pesa Mombasa hii utakuwa wewe unamlipia bodaboda kila kutwa. SGR pia, tiketi inakatwa kwa namba ya paspoti na pale stesheni ya Miritini wanalinganisha, abebe ile ile aliyobukia.

Mwenye fleti, na hata ya Airbnb, sheria yakutaka uweke daftari la wageni wanaolala kwa malipo. Chukua picha ya zile kurasa mbili siku ya kwanza, sio kwamba humuamini, siku ofisa akija kuuliza wewe ndio utakuwa na la kujibu.

Akisimamishwa na polisi au ofisa wa uhamiaji atoe kopi, aseme paspoti iko wapi, na awe tayari ipelekwe au ifuatwe. Asibishane kuhusu haki ya kuulizwa, kuulizwa waruhusiwa. Lakini pia asitoe pesa. Malipo ya uhamiaji yote yanapita eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa simu ni paybill 222222, na risiti inatoka. Anayesema nipe hapa hapa nikumalizie, haimaliziki, kesho atakuja mwenzake.

Wale wanaoishi hapa ni habari nyingine. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 kwa kibali anatakiwa ajisajili apewe kitambulisho cha raia wa kigeni. Hicho ndicho kinachompa bei ya mkaazi akienda Shimba Hills au mbuga nyingine za KWS (shirika la wanyamapori), na tofauti yake na bei ya mgeni si ndogo. "Mimi naishi Diani miaka" bila kitambulisho, pale getini hakuna anayesikiliza.

Tano, kuongeza siku

Inawezekana, na yote kwa jumla mgeni wa kutembea haendi zaidi ya miezi sita. Anafungua akaunti ya eCitizen ya mgeni kwa namba ya paspoti, anaingia sehemu ya huduma za raia wa kigeni, anaomba kuongezewa, anaambatisha kurasa zake na sababu, analipa hapo hapo, kisha anapeleka paspoti ofisi ya uhamiaji. Hapa kwetu ni jumba la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive. Wahi asubuhi, vaa heshima, usiende na kaptula ya ufuoni, hilo si sheria ila utaona tofauti. Na abebe tiketi mpya ya kurudi, manake swali la kwanza ni hilo, unataka kukaa zaidi halafu unaondoka lini?

Aende siku zikiwa bado zipo. Kuongeza siku zilizokwisha si kuongeza tena, hapo ashakuwa mtu aliyeko nchini kinyume cha sheria, na sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 yataja faini mpaka shilingi 500,000 au kifungo mpaka miaka mitatu, au vyote. Imeshatokea siku zimepita? Asijifiche na asingoje siku ya ndege ndio ajieleze kaunta huku foleni imemsubiri nyuma, aende Uhuru na Kazi mapema mwenyewe, na kama siku zilizopita ni nyingi aende na wakili.

Kazi ni kazi hata kama haina mshahara

Hili nalirudia kila mwaka. Kujitolea shuleni, kufundisha kaitisafi Diani "kwa malazi tu", kupiga muziki klabu wikendi mbili, kuhubiri msikitini au kanisani kwa mwaliko, hakuna hata moja linaloingia kwenye mhuri wa mtalii. Ya muda mfupi yaombewa ile pasi maalum, ya muda mrefu ni kibali kwa klasi yake, D ya ajira, G ya mwekezaji, I ya watu wa dini, K ya mtu aliye na pesa zake za nje na hafanyi kazi. Wale wa laptopu wanaofanyia kampuni za Ulaya wakikaa Kilifi, serikali ilitangaza klasi N kwa ajili yao 2024. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya, ndoa peke yake haimpi ruhusa ya kukaa wala kuajiriwa, aombewe pasi ya mtegemezi, na uraia ndio mpaka ndoa itimize miaka saba.

Dada yangu wewe mwenye mume Mjerumani unayemuambia "wewe kaa tu hapa ni kwako", ni kwake ndio, lakini mtafutie karatasi.

Akitaka kuruka Zanzibar

Kila mgeni wa Mombasa mwishowe ataka Zanzibar. eTA ya Kenya haimpeleki Tanzania, viza yao ni yao, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Mmarekani, na tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima yake ya lazima ya dola 44, bima aliyokuja nayo toka kwao haihesabiki. Ile viza ya pamoja ya utalii ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo, msimnunulie mtu kwa ajili ya Zanzibar. Na kwa kuwa anatoka Kenya, cheti cha homa ya manjano huko ataulizwa.

Paspoti ikipotea

Kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo, aandikishe apewe abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha ameripoti, halafu ubalozi wake, na balozi nyingi ziko Nairobi ingawa nchi kadhaa zina wawakilishi wa heshima hapa mjini. Akishapewa paspoti ya dharura haina mhuri wa kuingia, basi apite uhamiaji na ile kopi ya ukurasa wa mhuri ili waione tarehe yake. Hapo ndipo zile kopi mbili zinapolipa.

Kutoka

Kwa ndege hakuna hadithi, atapita kaunta atagongewa. Kwa barabara ndio uangalie. Basi la Tanga na Dar linapita mpaka wa Lunga Lunga, upande wa Tanzania ni Horohoro, na pale Kenya na Tanzania wanahudumu chini ya paa moja, kwa hivyo mtu anaona foleni moja anadhani ni mhuri mmoja. Ni miwili, wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania. Konda ana haraka, abiria wa nyuma wanapiga kelele, mgeni amelala, au kaambiwa na kijana wa nje kwamba kuna njia ya panya ya dakika tano. Ashuke, apange foleni, aone mihuri yote miwili kwa macho yake kabla ya kupanda tena, kwa sababu asiyegongewa kutoka, kwenye kompyuta za Kenya bado yuko Mombasa na siku zake zinaendelea kuhesabiwa.